Mkate wa Itigi

Jumatatu, 14 Juni 1993

Leo abiria mmoja wa daraja la tatu kanirudishia andazi langu dirishani. Si kwamba ni baya! Kalishika, kalitazama, kaniuliza, mama, mkate huna? Nikamwambia sina. Akasema tangu Dodoma anatafuta mkate, watoto wanataka chai na mkate, kila stesheni ni mayai na karanga. Treni ikaondoka naye.

Nimerudi nyumbani na maneno yale kichwani. Mkate unaouzwa hapa Itigi unatoka Dodoma. Ukifika una siku mbili, umebonyea, mwingine una ukungu pembeni. Na bado watu wanaugombania! Unga wa ngano siku hizi umejaa madukani, magunia yamepangwa mpaka mlangoni. Hakuna foleni, hakuna kibali cha unga. Amira ipo. Kuni zipo. Mwokaji ndiye hayupo.

Miaka kumi na minane nauza maandazi stesheni. Mikono yangu inaujua unga.

Nimechukua daftari hili aliloacha binti yangu Anastazia alipokwenda shule ya bweni. Kaandika kurasa nne tu za jiografia. Zilizobaki zangu. Mambo yakiwa mengi nitayaweka humu yasinipotee.

Jumatano, 16 Juni

Nimemwambia Laurian. Nilisubiri ale kwanza. Mume wangu akirudi kutoka kwenye gengi la mafundi wa reli, siku nzima kapiga nyundo relini, ukimwambia jambo kabla ya ugali hulipati jibu.

Nikasema nataka kujenga tanuri la mikate hapo uani, upande wa mkwaju. Akasema, tanuri unalijua? Nikasema nimeliona la mapadri kule misheni, ni kama nyumba ndogo ya mviringo. Akaokota kijiti akachora chini. Nusu duara. Akasema hilo ni kalavati tu! Kama kalavati tunazojenga chini ya reli. Matofali yanaegemeana yenyewe juu. Akachora tena, kubwa zaidi.

Halafu akauliza, na serikali?

Akasema mkate si andazi la beseni, ukiona mguu wa mgambo unakimbia. Tanuri halikimbii. Lazima uwe na leseni.

Ni kweli. Tanuri halikimbii.

Jumanne, 22 Juni

Ofisi ya kata. Sijalala vizuri — afadhali niandike yote.

Niliingia na gauni la kanisani. Mtendaji kasafiri, yupo karani. Karani amekaa nyuma ya meza, miwani puani. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba mama, karibu kiti. Sauti ile! Niliijua kabla sijaujua uso. Antipasi.

Novemba 1983, siku za msako wa Nguvu Kazi. Treni imesimama, sisi tuko madirishani na mabeseni, wakatokea mgambo. Aliyenishika mimi ni huyu. Kijana wakati ule, rungu mkononi. Kasema wewe mzururaji, huna kazi. Nikasema kazi yangu ndiyo hii. Akalichukua beseni langu la bluu, akamwaga maandazi yote chini ya behewa, kwenye mafuta na mavi ya treni. Abiria wanatazama. Anastazia nilikuwa nimembeba mgongoni. Tulilala ofisini kwao siku mbili.

Leo ananiita mama, ananipa kiti. Hanikumbuki hata kidogo.

Akauliza shida yangu, nikasema nataka barua ya kuomba leseni ya kuoka mikate. Akasema vizuri sana, siku hizi kila mtu ajitegemee, serikali imeruhusu. Akachukua karatasi. Nyumba ni ya nani? Nikasema ya Laurian. Basi akaandika: mwombaji, Laurian. Niliona kalamu inakwenda. Akagonga muhuri, akasema nimtafute Bwana Afya, akanitakia heri.

Heri!

Nimetoka na barua. Nzuri, ina muhuri. Lakini njia nzima nilikuwa najiuliza kwa nini sikusema hata neno moja.

Jumatatu, 28 Juni

Bwana Afya kaja. Anaitwa Hezekia, kijana wa Kiomboi huko, hana hata mwaka tangu atoke chuo. Ana baiskeli mpya na kitabu cha sheria ndogo kwenye mfuko wa plastiki. Kanisalimia kwa heshima, shikamoo mama, halafu akaanza kupima uwanja wangu kwa hatua kama anataka kuununua.

Aliyoyasema: chumba cha kukandia kiwe na sakafu ya saruji. Kuta zipakwe chokaa. Dirisha liwe na wavu wa nzi. Choo kiwe mbali, hatua thelathini — changu ni ishirini na sita! Moshi upite juu ya paa kwa bomba, usiingie kwa jirani. Na mwokaji apimwe kifua na choo, alete cheti.

Nikamwambia, mwanangu, hata hoteli za hapa hazina hayo. Akasema ndiyo maana nimeanza na wewe, mama, wewe bado hujajenga.

Nimecheka. Lakini ana haki.

Jirani yangu bibi Lea alikuwa anasikiliza ukutani. Kauliza kwa sauti, huo moshi utakuja kwangu? Bwana Afya kajibu kabla yangu, hapana bibi, hautakuja. Kashaniwekea ahadi!

Ijumaa, 2 Julai

Laurian kaanza msingi baada ya kazi. Udongo wa kichuguu, anaukanda na maji kama mimi ninavyokanda unga. Tumecheka.

Kisha akasema bila kuniangalia kwamba ubaoni pale stesheni wamebandika orodha ya watakaopunguzwa kazini. Gengi lake watu tisa. Na yeye yumo. Mwisho wa Agosti.

Miaka ishirini na mbili relini. Nikamletea maji ya kunawa.

Alhamisi, 8 Julai

Kuba la tanuri limeanguka! Aliondoa mbao za kushikilia mapema mno, alikuwa na haraka. Kishindo, vumbi, kuku wote juu ya mkwaju. Hakuumia, Mungu mkubwa. Alikaa juu ya matofali, kichwa chini, akasema mara tatu, kalavati zangu hazijawahi kuanguka. Hata moja.

Nikamwambia tuyaokote. Matofali mazima ni mengi kuliko yaliyovunjika. Tukaokota mpaka jua likazama.

Jumanne, 13 Julai

Hospitali ya misheni. Kupima. Makohozi siku tatu mfululizo kwa kikopo chenye kifuniko. Mimi hukohoa tangu zamani, moshi wa mafuta na kuni. Sasa kila nikikohoa nasikiliza — hiki ni kikohozi gani? Mama yangu mdogo alikufa kwa kifua.

Naomba kisiwe hicho. Si kwa ajili ya mkate tu.

Ijumaa, 16 Julai

Safi! Daktari sista kasema mapafu hayana kitu, nipunguze moshi. Nikamwambia moshi wenyewe utapita bombani, Bwana Afya kaagiza. Akacheka bila kuelewa. Cheti nimekifunga kwenye kanga mara mbili.

Na kuba la pili limesimama. Siku nne sasa. Laurian hataki mtu hata alisogelee.

Jumanne, 20 Julai

Manyoni. Treni imechelewa kwa hiyo nikapanda lori la jasi. Nimefika halmashauri mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, vumbi lote la jasi mwilini, nikajipangusa kwenye bomba la uani. Watu wakanipisha kama mgonjwa!

Afisa Biashara ni mwanamke. Sikutegemea. Martha, mtu mzima wa umri wangu, mnene kidogo, anaongea taratibu. Kasoma barua ya kata, kasoma cheti, kasoma karatasi ya masharti aliyoniandikia Bwana Afya. Kisha:

— Laurian ni nani?

— Mume wangu.

— Yuko wapi?

— Kazini, relini.

— Anajua kuoka?

— Hajui.

— Cheti cha afya ni cha nani?

— Changu.

— Atakayesimama mbele ya tanuri ni nani?

— Mimi.

Akavua miwani. Sasa leseni ni ya nani, mama?

Jibu nalijua, lakini halikutoka.

Hakunifokea. Akasema mwombaji asaini mbele yake, na hawezi kumpa leseni mtu asiyemwona kwa kazi asiyoifanya. Kama ni ya Laurian, aje. Kama ni yangu, barua ya kata iandikwe upya. Akaongeza kwa sauti ya chini, nendeni mkaongee nyumbani kwanza, haya mambo nimeyaona yakivunja watu.

Safari nzima ya kurudi nimekaa juu ya magunia, nalirudia swali lake.

Jumatano, 21 Julai

Nimemwambia Laurian. Nilisubiri ugali tena.

Akasema, kwa hiyo tanuri nililojenga mimi, kwenye kiwanja changu, litaandikwa jina lako.

Nikasema ndiyo.

Akasema, mwisho wa Agosti wananiondoa reli. Kila mtu anajua. Sasa watasema Laurian anafuga ndevu nyumbani, anasubiri mkate wa mkewe. Na mimi nitakuwa nani?

Nilitaka kumwambia hakuna atakayesema hivyo. Lakini watasema. Nikaosha vyombo.

Alhamisi, 22 Julai

Hajasema neno. Kaenda kazini bila chai.

Ijumaa, 23 Julai

Hajasema.

Nimefikiria niache iandikwe jina lake, yaishe. Ni jina tu. Nikaanza kujiandaa kumwambia. Halafu nikakumbuka lile swali, atakayesimama mbele ya tanuri ni nani, na jinsi mdomo ulivyonigoma. Ulinigoma pale ofisi ya kata pia. Na mwaka themanini na tatu ulinigoma.

Hapana. Sitaacha.

Jumamosi, 24 Julai

Asubuhi Laurian alikuwa uani anapiga plasta tanurini kwa mkono. Nikampelekea chai pale pale. Kaipokea.

Akasema, waandike jina lako. Mimi nimeandikwa kwenye orodha nyingi maisha haya, hiyo ya juzi imenichosha.

Nikasema, Laurian, mimi sikutaka —

Akasema, najua. Lakini nikisimama pale Manyoni, yule mama akaniuliza amira inawekwa kiasi gani, nitamjibu nini? Akanywa. Akasema nimtafutie bati la bomba la moshi, lile la kijani limetoboka.

Basi. Ndiyo maongezi yetu yote. Nimekwenda jikoni nikalia kidogo, sijui kwa nini, na nilikuwa na furaha.

Jumatatu, 26 Julai

Ofisi ya kata tena. Nilikula kwanza, nikavaa viatu.

Antipasi peke yake. Nikasalimia, nikakaa kabla hajanikaribisha. Nikasema barua ya kwanza ina makosa, mwombaji si Laurian, ni mimi. Akasema lakini mwenye nyumba — nikasema ngoja kidogo, kaka. Nina jambo jingine.

Nikamwambia. Novemba themanini na tatu. Treni ya Kigoma. Beseni la bluu. Mtoto mgongoni. Nilisema mpaka mwisho.

Akaweka kalamu chini. Akasema, ulikuwa wewe?

Nikasema nilikuwa mimi.

Akasema, tulikuwa tunapewa idadi. Ukirudi mikono mitupu unaulizwa umekula rushwa ya nani. Akafuta miwani kwa ncha ya shati. Akasema, lakini kumwaga chakula hakuna aliyenituma. Hilo nililifanya mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Kwa hilo sikujiandaa.

Kisha akavuta karatasi mpya. Akasema, siku zile hatukuwa tunauliza majina. Jina lako kamili, mama?

Nikamtajia. Emiliana, na la baba, na la ukoo. Akaandika polepole, mwandiko mzuri, akanigeuzia nione kama kapatia. Akagonga muhuri.

Sijui kama nimemsamehe. Nitajua baadaye. Ila nimetoka pale mwepesi, nikapita stesheni, nikauza maandazi yote kabla treni haijasimama sawasawa!

Jumatano, 4 Agosti

Manyoni, safari hii kwa treni. Nimesaini mbele ya Martha. Mkono uliteleza, E imekuwa kubwa. Akasema haidhuru.

Nikamwambia, hata habari za kuoka niulize lolote. Akacheka, akasema amira inawekwa kiasi gani? Nikamweleza mpaka akasema inatosha, inatosha.

Kilichobaki ni ripoti ya mwisho ya Bwana Afya. Aje, akague, asaini. Siku ripoti ikifika mezani kwa Martha, leseni inaandikwa. Lakini kanionya: kabla ya hapo hata mkate mmoja usiuzwe. Mmoja! Ukikamatwa, maombi yanafutwa.

Nimeapa.

Jumamosi, 14 Agosti

Siku kumi sijaandika, kazi tupu. Sakafu imekauka. Kuta nyeupe mpaka zinaumiza macho. Wavu upo. Choo kipya kimefika hatua thelathini na moja, nimezihesabu kwa hatua ndefu kama za Hezekia, si zangu, maana yeye ana miguu mirefu. Mwamba ulitugomea futi ya tano, Laurian kauvunja kwa nyundo ya relini.

Bomba la moshi ndilo lina wasiwasi. Bati halikutosha. Limepita paa, ndiyo, lakini kidogo tu.

Jumapili, 22 Agosti

Tumeanza kukausha tanuri kwa moto mdogo mdogo. Laurian anaulinda kama mgonjwa. Likipata moto mkali ghafla litapasuka. Baada ya misa watu wanne wameniuliza, mkate lini? Nikawaambia serikali ikisema.

Naona ajabu kusikia maneno hayo yanatoka kwangu.

Jumatano, 25 Agosti

Naandika nimekaa juu ya gunia la unga, chumbani kwa kukandia. Bwana Afya yuko mlangoni. Ngoja nianze mwanzo.

Asubuhi Laurian, ambaye leo kaomba ruhusa kazini, kasema tanuri liko tayari, tujaribu. Kujaribu tu! Nikakanda unga wa mikate ishirini. Unga umeumuka vizuri mno, mpaka nikaogopa. Tukatoa makaa, tukafagia, tukaingiza vibati vya mikate, tukaziba mlango kwa tope. Laurian kahesabu dakika kwa saa yake ya reli. Tulipofungua — sijui niiandikeje. Rangi ya udongo wetu baada ya mvua. Mikate yote ishirini, hata mmoja haujabonyea. Laurian kaugonga mmoja chini kwa kidole, ukalia kama ngoma. Kasema, sikiliza. Akaugonga tena. Sikiliza!

Harufu ikatutangulia barabarani. Kwanza kaja bibi Lea, kasema hajaja kwa ajili ya moshi. Halafu watoto wa shule. Halafu wanawake wa stesheni, wenzangu, na mafundi wa gereji, na mzee mmoja Mgogo ninayemwona sokoni tu, kaegemea fimbo yake ananusa. Uzio wote umejaa. Pesa mkononi. Emiliana, mmoja! Mama Anastazia, miwili!

Nikasimama mbele yao nikasema siuzi. Wakacheka. Nikasema siuzi, sina leseni bado. Mwenzangu mmoja kasema, tangu lini wewe ukaogopa? Umeuza bila karatasi miaka kumi na minane! Nikamwambia ndiyo maana. Sitaki tena kuuza huku natazama nyuma.

Na hapo ndipo Hezekia katokea na baiskeli.

Kaona watu, kaona mikate mezani. Uso ukabadilika. Umeuza, mama? Watu wote wakajibu kwa pamoja, hataki kutuuzia! Bibi Lea akaongeza, mwambie atuuzie!

Kaingia kukagua. Sakafu, sawa. Chokaa, sawa. Wavu kaupiga kwa kalamu, sawa. Choo kahesabu hatua, thelathini na moja, katabasamu. Kisha akatoka nje akatazama juu. Kalitazama bomba muda mrefu. Akasema, mama, hilo ni fupi. Linatakiwa lipite paa kwa futi tatu, hilo halifiki hata mbili. Siwezi kusaini leo.

Laurian, ambaye keshokutwa ndiyo siku yake ya mwisho kwenye gengi, kamwambia kijana, nipe siku moja. Najua bati liko wapi. Kesho jioni njoo na kamba yako upime. Hakubembeleza. Kasema kama fundi anavyomwambia fundi. Hezekia kasema kesho jioni nitakuja.

Kesho jioni! Lakini mikate hii ni ya leo. Ishirini, ya moto, na watu hawaondoki.

Nikamwuliza, mwanangu, sheria inakataza kuuza?

Akasema ndiyo.

Nikasema, na kugawa?

Akatoa kitabu chake kwenye plastiki. Sasa hivi kasimama pale mlangoni anapekua, kidole kinashuka ukurasa mmoja hadi mwingine. Watu wote kwenye uzio wanamwangalia yeye. Laurian kashachukua kisu, anakingojea kichwa cha kijana kiinuke. Mimi naandika ili mikono yangu isiiguse mikate kabla hajasema.

Kafika ukurasa wa mwisho, neno kugawa hajalikuta. Anarudi mwanzo. Na ameanza kumeza mate kwa harufu ya mkate —